Ringu na The Ring: yule babu walimpeleka wapi?

Niseme mapema kabisa, kama hujaangalia hizi muvi mbili na ni mtu wa kupenda kushtuliwa, acha kusoma hapa, kaziangalie kwanza halafu urudi. Natoboa kila kitu mpaka mwisho, maana ninachotaka kuongea kiko hukohuko mwishoni, kwenye dakika mbili tatu za kumalizia, na nimekaa nacho moyoni miaka sasa.

Mimi nilianza na ile ya Marekani. The Ring, ya mwaka 2002, dairekta Gore Verbinski, staringi Naomi Watts. Niliiangalia usiku na dada yangu, wote bado tunasoma, taa tumezima makusudi, na ilipoisha hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka. Mwishowe dada ndo akainuka, hakuzima tu tivii, aliichomoa waya kabisa ukutani, halafu akaigeuza ikatazama ukuta, tukalala hivyo. Kwa miaka mingi nilijua hadithi yenyewe ndo hiyo, kaseti, kisima, mtoto mwenye nywele usoni, basi. Kwamba asili yake Japani nilikuwa nasikia watu wakisema, nikawa nachukulia ni yaleyale, Wamarekani wameokota kitu kidogo wakakiwekea hela na kamera nzuri kikawa kikubwa.

Kumbe sivyo kabisa. Ringu yenyewe niliipata baadaye sana, nikiwa tayari mzazi. Ni ya mwaka 1998, dairekta Hideo Nakata, imetokana na riwaya ya Koji Suzuki ya mwaka 1991, na ina dakika 96 tu wakati ile ya Marekani inakaribia saa mbili. Niliiangalia peke yangu, mwanangu amelala chumba cha pili, na muda mwingi nilikuwa nimetulia tu, nikaanza hata kudhani nimeshazoea, mpaka ikafika pale mwisho kabisa, mwanamke yuko kwenye gari anaongea na simu, hamna mzimu, hamna damu, hamna anayepiga kelele, na mimi nikaganda kwenye kochi mpaka majina yakaisha kupita. Tangu siku hiyo nimeziangalia zote mbili mara nyingi, siku nyingine moja baada ya nyingine usiku uleule, natafuta ni wapi hasa zinaachana njia.

Kwa juujuu hadithi ni moja. Kuna kaseti ya video, ukishaiangalia simu inalia, na siku ya saba unakufa. Mwandishi wa habari, mama wa mtoto mmoja wa kiume, aliyeachana na baba wa mtoto, anaanza kuifuatilia baada ya binti wa ndugu yake kufa ghafla. Japani anaitwa Reiko, Marekani anaitwa Rachel. Anaiangalia, anamwomba msaada mzazi mwenzake, Ryuji kwa Japani, Noah kwa Marekani, naye anaiangalia, halafu kabla hawajafika popote mtoto wao anakutwa mbele ya tivii, naye kaiona. Hapo siku zinahesabika kwa watu watatu. Kwenye riwaya huyo mwandishi ni mwanaume mwenye mke na binti, na Ryuji ni rafiki yake tu. Nakata na mwandishi wake wa skripti, Hiroshi Takahashi, ndio waliomfanya mwanamke na kumgeuza Ryuji kuwa mume waliyeachana. Mimi naona hapo ndipo muvi ilipozaliwa.

Sasa nitoe kwanza haki ya ile ya Marekani, sitaki mtu afikiri naidharau. Kuna sini ya farasi kwenye feri. Rachel anasogea kwenye trela alimofungiwa farasi, anamwongelesha kwa upole, ananyoosha mkono amguse, na farasi anapagawa. Anapiga mateke mpaka anatoka, anakimbia katikati ya magari, watu wanakimbilia huku na huku, halafu anaruka baharini na feri inampitia, maji ya nyuma yanageuka mekundu. Ni mchana. Hamna kitu kimejificha gizani. Ni mnyama tu amemnusa huyu mama akajua kilichomo ndani yake. Kwenye Ringu hii haipo, wameibuni wao, na kila nikiiangalia najua nimekaa na watu wanaoijua kazi. Halafu ile mvua ya Seattle, ile rangi ya kijani iliyofifia ambayo mpiga picha Bojan Bazelli ameieneza kila kona, na Watts mwenyewe, uso wake peke yake unabeba nusu ya muvi. Sio muvi mbovu. Ukisikia mtu anasema ni mbovu ujue hajaiangalia sawasawa.

Lakini angalia simu. Reiko amemaliza kuangalia kaseti kwenye nyumba ya kupanga huko Izu, simu inalia, anainua, na anachosikia ni ule mkwaruzo aliousikia kwenye mkanda. Hamna mtu. Hamna neno. Anaangalia saa anaelewa mwenyewe. Rachel akiinua ya kwake kuna sauti inanong'ona kabisa, siku saba. Kitu kidogo, utasema, ila muvi nzima ya Marekani iko hivyo, kila mahali Nakata alipokuachia shimo wao wamelifukia. Kwa nini siku saba? Wana jibu: Samara, yule msichana wa kwenye kaseti, alitupwa kisimani akakaa hai siku saba. Kwa nini muvi inaitwa hivyo? Wana jibu, ni lile duara la mwanga alilokuwa analiona juu yake mfuniko ulipofungwa. Nakata hajibu. Saba ni saba, na wewe utajua mwenyewe utaipeleka wapi.

Hata kaseti zenyewe. Ya Marekani imejaa vitu, ngazi, kiti kinachozunguka, mti unaoungua, funza, kidole kinachochomwa na msumari, farasi waliokufa ufukweni, na Rachel anatembea na vitu hivyo kama mpelelezi mwenye orodha, ngazi anaikuta, mti anaukuta, habari za farasi anazikuta, kila kimoja anakipigia tiki. Ya Nakata ni fupi na haina hata rangi. Mwanamke anachana nywele kwenye kioo, kioo kinahama, msichana anaonekana kidogo, halafu mwanamke anageuka kuangalia upande ule. Maandishi ya gazeti yanatambaa kama wadudu, yanaongelea volkano. Jicho lenye herufi ndani yake. Kisima. Na kuna mwanaume amesimama, kajifunika taulo kichwani, ananyoosha kidole, kwa nini ananyoosha hujui, kwa nani hujui. Huyo mkumbuke, nitamrudia.

Kuna na suala la yule msichana mwenyewe. Samara wa Marekani ni mtoto wa kulelewa kwa wafuga farasi, na kadiri muvi inavyokwenda unaelekezwa uamini kwamba ni mbaya tangu mwanzo. Sadako, yule wa Japani, ana historia nyingine. Mama yake, Shizuko, mtu wa kisiwa cha Oshima, alitabiri mlima Mihara kulipuka na ukalipuka kweli, akachukuliwa na daktari mmoja akafanyiwa majaribio mbele ya waandishi wa habari, wakamzomea kwamba ni tapeli, na mmoja wao akaanguka akafa palepale. Baadaye mama akajiua. Hii inafanana sana na jambo lililotokea kweli Japani: mwaka 1910 profesa Tomokichi Fukurai alimjaribu hadharani mwanamke aliyeitwa Chizuko Mifune, aliyesemekana kuona vilivyofichwa, akashutumiwa udanganyifu, na mwaka 1911 mwanamke huyo akajiua. Kwa hiyo kisima cha Ringu kina aibu ndani yake, aibu ya watu waliomkalia mtu kikao wakamcheka. Kwenye ile nyingine aibu hiyo imetoka, amebaki mtoto mwenye uchungu na hasira.

Nikija kwenye kisima ndo moyo wangu unapoanza kuegemea. Rachel anaingia kisimani kwa kutupwa: misumari inajing'oa sakafuni, tivii inateleza, inamgonga, anatumbukia. Unashtuka kweli, ila yeye hajafanya kitu, amefanyiwa. Reiko na Ryuji wanaenda kisimani kwa miguu yao. Wanatambaa chini ya sakafu ya ile nyumba, wanausukuma mfuniko wa jiwe, mmoja anashuka mwingine anabaki juu, na wanaanza kuchota maji kwa ndoo, wanautafuta mwili wa Sadako. Ndoo inajazwa kule chini, Reiko anaivuta kwa kamba, anamwaga, anairudisha. Tena. Tena. Ni siku yake ya mwisho, jua linazama, mikono imeshakwisha kabisa na bado anavuta, na kamera inakaa pale na kazi ile kama vile ndo kitu cha maana kuliko vyote kwenye muvi. Mtu yeyote aliyewahi kuhangaika na mtoto mgonjwa usiku anaijua hiyo hali, mwili umeshakataa zamani, unaendelea tu kwa sababu ukiacha hakuna mwingine. Mpaka Ryuji anapanda juu, anamfokea, wanabadilishana. Reiko anashuka, anapapasa kwenye maji meusi, mkono unatoka na nywele, halafu fuvu. Na hakimbii. Analileta kifuani analikumbatia, taratibu, kama anayembeleza mtoto wa mtu aliyepotea muda mrefu. Tope linachuruzika kwenye matundu ya macho.

Muvi nyingi zingeishia hapo. Mama ameonyesha huruma, mzimu umepata wa kuulilia, saa ya kufa imepita na yuko hai, wote twende nyumbani. Zote mbili zinakuacha upumue hivyo kidogo. Halafu inakuja sini ambayo hata asiyewahi kuziangalia anaijua.

Ryuji yuko mezani kwake kesho yake, mchana, anaandika. Tivii inajiwasha. Kisima kile. Mkono, kichwa, mwili mzima, na anakuja, na Nakata hana haraka hata kidogo. Aliyemwigiza Sadako ni Rie Inō, mwigizaji mwenye mafunzo ya kabuki, ule uigizaji wa jadi wa jukwaani wa Kijapani, na ule mwendo waliupata kwa kumrekodi akitembea kinyumenyume kwa kukatakata halafu wakaugeuza mkanda. Ndo maana mwili wako unaukataa kabla akili haijajua kwa nini, mguu unatua wakati mguu wa binadamu hautui, bega linatangulia lilipotakiwa kufuata. Uso huuoni. Unaona jicho moja tu, limegeuka, kope hamna, na hilo jicho hata sio la Inō, ni la mwanaume mmoja wa kwenye timu ya kurekodi aliyenyofolewa kope kwa ajili ya picha hiyo moja.

Verbinski anaikata ileile vipandevipande: Noah, gari la Rachel mbio barabarani, Noah, simu inaita, gari tena. Samara anatikisika kama chenga za tivii, anapotea hapa anatokea pale karibu zaidi, mwisho anainua kichwa tunapewa uso wote. Usiku ule na dada mimi nilipiga kelele kwa uso ule, sikatai, na nadhani mtaa mzima ulinisikia. Ila kelele ikishatoka imetoka. Lile jicho la Sadako halinitoi kelele, linakaa tu.

Na soko lilichukua uso. The Ring ilitengenezwa kwa dola milioni 48 hivi ikaingiza karibu milioni 249 duniani, baada ya hapo ikawa mlango umefunguliwa, The Grudge mwaka 2004, ambayo Takashi Shimizu aliirudia kazi yake mwenyewe kwa Kiingereza, Dark Water mwaka 2005, Pulse mwaka 2006, na Nakata mwenyewe akaitwa kuongoza The Ring Two mwaka 2005. Nywele, maji, ngozi nyeupe. Hivyo vilisafiri vizuri tu.

Kitu ambacho hakikusafiri ni babu.

Nieleze. Kwenye Ringu, Reiko akishajua ana siku chache, anamchukua mwanawe Yoichi wanaenda kwa baba yake mzazi, mzee anakaa shamba huko, nyumba ya utulivu, babu anafurahi kumwona mjukuu. Ni sehemu pekee ya muvi ambayo mabega yako yanashuka. Usiku Reiko anazinduka, mtoto hayupo pembeni yake, anatoka, anamkuta amekaa mbele ya tivii na mkanda unamalizikia. Anamuuliza kwa nini, mtoto anasema Tomoko ndo kamwambia, yaani yule binamu yake aliyekwishakufa. Kwa hiyo laana inamfikia mtoto ndani ya nyumba ya babu, mahali alipopelekwa ili awe salama. Kwenye The Ring mtoto anaiona nyumbani kwao. Babu hayupo. Ukiangalia moja tu hutajua kuna mtu ametolewa.

Baadaye, wanaume wote wawili wakishakufa, kila mama anabaki anajiuliza swali moja: nimefanya nini ambacho mwenzangu hakukifanya? Rachel anaichoma kaseti kwa hasira, halafu anaiona nakala. Alitoa kopi, akamwonyesha mtu. Anaelewa kwa akili yake mwenyewe, vizuri. Reiko yeye hapati jibu peke yake. Amejikunja nyumbani kwake, na kwenye kioo cha tivii iliyozimwa anamwona mwanaume mwenye taulo kichwani, ananyoosha kidole kwenye mkoba ilipo kaseti. Yule wa kwenye mkanda. Reiko anamwita, Ryuji? Nilipoiona mara ya kwanza nilikumbuka mwanzo wa muvi, Yoichi anatembea kwenye mvua, anakutana na baba yake njiani, wanasimama wanatazamana, wanapishana bila hata salamu. Baba aliyeshindwa kumwambia mwanawe neno barabarani, ndo huyu amerudi kunyoosha kidole.

Halafu mwisho. Rachel anamkalisha mwanawe Aidan mbele ya mashine, anamwongoza mkono atoe kopi, na mtoto anauliza, huyo tutakayemwonyesha, yeye itakuwaje? Mama hajibu. Ni mwisho wenye nguvu, nakubali, maana huyo mtu anaweza kuwa yeyote, anaweza kuwa wewe uliyekaa hapo unaangalia, na nadhani walitaka hasa ulale na hilo wazo. Sisi lilitukalisha, ndo maana dada aligeuza tivii.

Reiko anachukua deki na kaseti anaingia kwenye gari. Anampigia baba yake. Anamwambia yuko njiani, anamwambia ana ombi, ni kwa ajili ya Yoichi. Basi. Gari linaenda, barabara ndefu, mbele mawingu meusi.

Anayelipa hapa ana jina. Tumeingia nyumbani kwake, tumemwona na mjukuu wake. Na neno alilotumia ni ombi, mimi neno hilo ndo lililonigandisha, kwa sababu ombi mtu anaweza kulikataa na sote tunajua huyu halikatai. Hatujui atamweleza ukweli au atamkalisha tu mzee aangalie bila kujua. Ukiwa mzazi unaweza kumchukia Reiko kwa hilo dakika moja, na dakika ya pili ukajiuliza wewe ungegeuza gari? Mimi baba yangu anampenda mwanangu kuliko alivyowahi kunionyesha mimi, naliona kabisa, na sioni wivu. Nikiwaza swali hilo nikiwa nimekaa naye namwangalia mikono yake, nashindwa kuendelea kuwaza.

Mwaka jana dada alikuja kwangu, nikamwambia leo tunaangalia ile ya kwanza, ya Kijapani. Hakupiga kelele hata mara moja. Ilipofika pale kwenye gari akaniuliza, anaenda kwa nani huyu? Nikamwambia kwa baba yake. Akanyamaza. Majina yakaanza kupita, tukayaacha yapite.

Baada ya muda akasema, lakini na yule mzee si naye atakuwa na siku saba, naye itabidi amtafute wa kumwonyesha? Nikamwambia ndio, ndo ilivyo, haina mwisho. Akatikisa kichwa. Akasema baba yetu asingemwonyesha mtu. Angekaa nayo tu mwenyewe mpaka siku zake ziishe.

Nikamwambia najua.